Huwezi Kuweka Kizingiti Baada ya Kuhesabu Vifo

Katika chambuzi jumuishi nyingi za alama za seli shina kwenye saratani ya umio kuna sentensi moja iliyokaa katikati ya sehemu ya mbinu: kiwango cha juu cha alama ni kile ambacho kila mtafiti wa awali alikiita cha juu. Msomaji huipita haraka akikimbilia mchoro wa matokeo, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Mengine hufanywa vizuri. Makala hutafutwa kwa uangalifu, wasomaji wawili huzichuja kila mmoja kivyake, ubora hupimwa, michoro hupendeza. Lakini uamuzi huo mmoja ni kosa la wazi. Uwiano wa hatari unaotoka mwishoni, hata ukiandikwa kwa desimali mbili na kuzungushiwa ukingo mwembamba wa uhakika, haupimi kitu ambacho mtu anaweza kukitaja jina.

Tazama kinachofanyika mezani. Mpatholojia anachukua kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwa formalini na parafini, anakipaka kingamwili ya CD44, mojawapo ya alama hizo, kisha anakadiria kwa jicho, kwenye hadubini, ni asilimia ngapi ya seli zimeshika rangi na rangi yenyewe imekolea kiasi gani. Jibu linaweza kuwa 5, linaweza kuwa 30, linaweza kuwa 80. Mtafiti mmoja anakata kwenye 10, mwingine kwenye 25, wa tatu kwenye 50, na wa nne anazidisha asilimia kwa ukolevu, halafu anakata kwenye namba ya katikati ya wagonjwa wake mwenyewe. Sasa mchukue mgonjwa mwenye asilimia 30. Kwa wawili wa kwanza yumo kundi la juu, kwa wa tatu yumo kundi la chini, na kwa wa nne nafasi yake inategemea wenzake waliopasuliwa hospitalini hapo walikuwa na uvimbe wa namna gani. Uchambuzi jumuishi unapokusanya tafiti hizi nne, mgonjwa wa aina ileile anahesabiwa pande zote mbili, na mwishoni tunaambiwa kwamba CD44 ya juu inafupisha maisha. Ya juu kuliko nini? Hakuna daktari, awe Songea au Shanghai, anayeweza kulichukua jibu hilo akamweka mgonjwa aliye mbele yake upande mmoja au mwingine.

Ubaya unazidi pale kizingiti kinapochaguliwa baada ya vifo kuhesabiwa. Programu za takwimu zinaweza kujaribu kila kizingiti kinachowezekana na kurudisha kile kinachoitenga mikondo ya maisha ya wagonjwa, ile ya Kaplan-Meier, kwa umbali mkubwa kuliko vyote, na mwandishi akakiita kizingiti bora. Mwaka 1994 Douglas Altman, Berthold Lausen, Willi Sauerbrei na Martin Schumacher walionya kwamba njia hiyo inaweza kupandisha uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo kutoka asilimia 5 tunazojidai nazo hadi karibu 40. Mwaka 2005 mwongozo wa REMARK, wa kuripoti tafiti za alama za saratani, ukawataka waandishi waeleze kizingiti walikipataje. Mwaka 2006 Patrick Royston, Altman na Sauerbrei wakaandika tena, bila kupaka sukari, kwamba kuikata namba endelevu vipande viwili ni wazo baya: unatupa taarifa uliyoihangaikia, na unamfanya mwenye 49 aonekane tofauti kabisa na mwenye 51, huku ukimlinganisha na mwenye 2. Safu hii imelisema jambo hili mara nyingi na haitachoka. Altman alifariki mwaka 2018 akiwa amelipigania kwa miongo, na bado makala za saratani ya umio zinatoka na kizingiti kisichoelezwa kilikotoka.

Kosa hili linazaa jingine la kimantiki. Nadharia ya seli shina za saratani, kama Dominique Bonnet na John Dick walivyoionyesha kwa leukemia mwaka 1997, inadai kwamba ni sehemu ndogo tu ya seli inayoweza kuuotesha ugonjwa upya. Muhammad Al-Hajj na wenzake walipoipeleka kwenye saratani ya matiti mwaka 2003, hawakuitegemea CD44 peke yake. Walitafuta seli zenye CD44 na zenye CD24 kidogo au zisizo nayo kabisa, na seli 100 tu za namna hiyo zilitosha kuotesha uvimbe ndani ya panya. Inakuwaje basi uvimbe wa umio ambao zaidi ya nusu ya seli zake zimeshika rangi ya CD44 uitwe uvimbe wenye seli shina nyingi? Tabaka la chini la utando wa umio mzima, usio na ugonjwa wowote, nalo lina CD44. SOX2, alama nyingine inayotumika, ina tatizo hilohilo. Adam Bass na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba jeni hiyo huongezeka nakala katika saratani za skwamasi za umio na za mapafu, na wakaieleza kuwa jeni ya ukoo wa seli, inayoonyesha seli imetoka wapi. Kuihesabu kama kipimo cha ushina ni kuibebesha maana isiyo yake. Kuhusu kuchanganya skwamasi na adenokasinoma katika hesabu moja sitasema mengi: mradi wa jenomu za saratani wa TCGA ulichunguza uvimbe 164 na kuonyesha mwaka 2017 kwamba ya kwanza inafanana zaidi na saratani za kichwa na shingo, ya pili na ya tumbo. Afrika Mashariki zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wana skwamasi, kwa hiyo namba iliyochanganywa haituhusu tangu mwanzo.

Watetezi wana hoja, na zinastahili kujibiwa. Wanasema tofauti kati ya tafiti zinashughulikiwa na modeli ya athari nasibu. Modeli hiyo inapanua ukingo wa uhakika pale tafiti zinapotofautiana. Haiwezi kurekebisha upendeleo unaozisukuma zote upande mmoja, na kizingiti kilichochaguliwa kwa kutafuta tofauti kubwa husukuma upande mmoja daima. Wanasema pia kwamba tafiti za wagonjwa 80 au 120 hazina nguvu zikiachwa moja moja. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu waandishi wanapaswa kuombwa takwimu za mgonjwa mmoja mmoja, namba ikiwa bado nzima, ili mchambuzi aiingize kwenye modeli ya Cox bila kuikata. Kazi hiyo inachosha na wengine hawatajibu barua, lakini majibu ya wachache yatafaa kuliko muhtasari wa wote. Hoja ya tatu, kwamba seli zenye alama hizi huotesha uvimbe ndani ya panya, ndiyo dhaifu zaidi. Seli kuweza kuota ndani ya panya asiye na kinga ya mwili ni swali moja; mgonjwa ataishi miezi mingapi ni swali jingine, na kati ya hayo mawili kuna hatua ya ugonjwa, lishe, na siku aliyofika hospitali.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa sawasawa, rudi kwa daktari wa upasuaji Denis Burkitt. Oktoba 1961 alitoka Kampala na wenzake wawili kwa gari, wakaenda maili 10,000 kwa wiki kumi, wakipita hospitali zaidi ya 50 hadi kusini mwa Afrika. Alibeba picha za uvimbe wa taya na swali moja: mmewahi kuuona huu? Kitu cha kuhesabiwa kilikuwa kimewekwa wazi kabla injini haijawashwa. Jibu la hapana aliliandika kwa heshima ileile ya jibu la ndiyo, na ni hospitali zilizosema hapana zilizochora mpaka wa ugonjwa na kuuelekeza kwenye joto na mvua. Baadaye yeye na Paula Cook walikusanya taarifa za hospitali za Afrika Mashariki kwa subira hiyohiyo, na saratani ya umio ikajitokeza kwa wingi pande za Kisumu huku ikiwa adimu sehemu nyingine zisizo mbali sana. Hakuwa na kingamwili wala jenomu. Leo utafiti unaokuta CD44 haina uhusiano na maisha ya mgonjwa ni mgumu kuchapishwa, na uchambuzi jumuishi unajengwa zaidi juu ya majibu ya ndiyo.

Haya yanaihusu Msamala, hapa Songea, moja kwa moja. Mkoa wa Ruvuma uko kando ya Ziwa Nyasa, ng'ambo ni Malawi, mojawapo ya nchi zilizoelemewa zaidi na saratani hii duniani, na ukanda wa ugonjwa huu unaanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Tafiti nyingi za alama zimefanywa China na Japani kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, uvimbe mzima ukiwa mezani. Mgonjwa wa huku hufika wakati ugali haupiti tena na uji unapita kwa shida. Kinachopatikana kwake ni vipande vidogo vya endoskopi, na tiba ya mionzi ya Ocean Road, Dar es Salaam, iko zaidi ya kilomita 900. Kizingiti kilichopatikana kwenye uvimbe wa upasuaji hakijathibitishwa kwenye vipande hivyo. Hospitali ya Tenwek huko Bomet imeonyesha kwamba stenti ya chuma inayojitanua inaweza kuwekwa bila eksirei na kumrudishia mgonjwa uwezo wa kumeza. Ikibidi kuchagua kati ya kingamwili za ALDH1, alama nyingine ya seli shina, na stenti kumi, stenti zitangulie.

Sisemi alama hizi zitupwe. Mwaka 2021 jenomu 552 za skwamasi ya umio kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo, zilichapishwa, na zilionyesha mabadiliko ya jeni yanayofanana kati ya nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wachache. Kazi hiyo ilikuwa safi. Tafiti za saratani ya umio za ESCCAPE, za Moshi, Eldoret na Blantyre nazo zimethibitisha kwamba wagonjwa wa ukanda huu wanaweza kuandikishwa na kuhojiwa kwa utaratibu unaoaminika. Atakayetaka kupima CD44 au SOX2 kwa wagonjwa wa namna hiyo aandike kabla ya kufungua sanduku la kwanza la slaidi: kingamwili ipi, wasomaji wangapi wasiojua nani amefariki, namba itaingizwa nzima au itakatwa wapi na kwa nini, hatua ya ugonjwa na uzito wa mgonjwa vitawekwaje kwenye modeli. Ausajili mpango huo hadharani, na matokeo ayachapishe hata mikondo miwili ikilaliana.