Cinna Wawili: Jina, Uhaini na Utetezi katika Juliasi Kaizari na Haini

1. Utangulizi

Neno mapinduzi lina nyuso mbili katika Kiswahili. Likiandikwa kwa herufi kubwa, huwa jina la heshima: ndilo linalotaja tukio la Januari 12, 1964 kule Unguja, na ndilo jina ambalo serikali ya Zanzibar imejiita tangu siku hiyo. Likiandikwa kwa herufi ndogo na kutanguliwa na neno jaribio, hugeuka kuwa kosa la kumpeleka mtu kitanzini. Msomaji wa Kenya anaufahamu vyema uso huu wa pili kutokana na yaliyofuata Agosti 1, 1982. Hata hivyo kitenzi ni kile kile, kupindua, na lugha yenyewe haitusaidii kupambanua. Aliyefaulu huitwa mwasisi. Aliyeshindwa huitwa haini.

Makala haya yanahusu pengo hilo lililomo katika lugha, na namna mahakama na fasihi zinavyoliziba. Tutaichunguza kesi ya uhaini iliyosikilizwa Zanzibar mwaka 1973 na 1974, ambapo waziri wa zamani, Abdulrahman Mohamed Babu, alihukumiwa kifo bila ya kufika mahakamani. Kando ya kesi hiyo tutasoma kazi tatu: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tamthilia za Shakespeare zilizotafsiriwa na Julius Nyerere, pamoja na riwaya ya Adam Shafi, Haini (Longhorn, 2003). Tunadai kwamba kazi ya fasihi inayozaliwa na kesi isiyokuwa na utetezi haiwezi kumtakasa mshitakiwa, wala haifai kusomwa kana kwamba inamtakasa. Inachoweza kufanya, na hili si dogo, ni kulirudisha mezani swali ambalo mahakama haikuliuliza.

2. Kesi isiyokuwa na upande wa pili

Aprili 7, 1972, Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi huko Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, alipokuwa akicheza bao. Luteni Humud Mohamed Humud, aliyetajwa kuwa mmoja wa wauaji, alikufa siku hiyo hiyo. Baraza la Mapinduzi halikuanguka, na Aboud Jumbe akashika hatamu. Tuseme basi kwamba mauaji yalifaulu, na mapinduzi, ikiwa kweli ndiyo yaliyokusudiwa, yakashindwa.

Mashaka hayo, "ikiwa kweli", ndiyo yaliyostahili kuwa kiini cha kesi. Lakini aliyefyatua risasi alikuwa kaburini, na walioletwa mbele ya sheria walikuwa wale waliodaiwa kupanga. Walishitakiwa watu zaidi ya 70, wengi wao wakiwa wamewahi kufungamana na Umma Party, chama ambacho Babu alikiasisi mwaka 1963 baada ya kukihama chama cha Hizbu. Babu mwenyewe alikuwa ameshika wizara ya mambo ya nje katika serikali ya kwanza ya Mapinduzi, kisha akawa waziri katika serikali ya Muungano hadi alipoachwa nje ya baraza la mawaziri mwezi Februari 1972. Miezi miwili baadaye alikuwa mahabusi bara. Nyerere alikataa kumpeleka Unguja, na kesi ikasikilizwa pasipo yeye.

Mfumo wa mahakama za wananchi uliokuwapo Zanzibar wakati huo haukumruhusu mshitakiwa kuwa na wakili. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndiye aliyeendesha mashtaka, na ndiye huyo huyo aliyetwikwa jukumu la kuusemea upande wa utetezi. Ushahidi kwa sehemu kubwa ulikuwa maungamo, ambayo washitakiwa kadhaa walidai kuwa waliyatoa kwa kuteswa. Mwaka 1974 hukumu ilitolewa. Babu na wenzake wengi walihukumiwa kifo. Yeye alibaki kizuizini bara, bila ya kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, hadi alipoachiliwa mwaka 1978.

Mhakiki wa fasihi anayo sababu ya kulitazama tukio hili. Kesi ni aina ya masimulizi yenye wasimulizi wawili wanaoshindania hadhira moja. Msimulizi mmoja akinyamazishwa, au sauti zote mbili zikitiwa katika kinywa kimoja, kinachobaki kina sura ya kesi lakini ni hotuba tu.

3. Hakimu mwenye maslahi

Mabepari wa Venisi ilichapishwa mwaka 1969. Tamthilia hii kwa kawaida husomwa kwa kumhusu bepari na riba, na jina alilolichagua mfasiri linatuelekeza huko. Lakini tukiitazama kama tamthilia ya mahakama, tunakutana na jambo linalokera. Porshia anaingia mahakamani amejigeuza mwanamume, anajiita mwanasheria, na anaamua kesi ambayo mdaiwa wake, Antonio, aliingia deni kwa ajili ya mume wa Porshia mwenyewe. Mwamuzi ana maslahi katika shauri, na hakuna mtu barazani anayelijua hilo isipokuwa karani wake, ambaye naye amejigeuza, na hadhira. Shailoki hana wakili. Anaingia akiwa mdai na anatoka akiwa mkosaji ambaye uhai wake umo mikononi mwa serikali.

Hadhira hufurahia mbinu ya Porshia kwa kuwa matokeo yanaipendeza. Hapo ndipo penye funzo. Utaratibu mbovu haukeri panapokuwa na makubaliano kwamba anayehukumiwa ni mtu mbaya. Tunahitaji kuukumbuka udhaifu huo wa hadhira tunapoifikiria Unguja ya 1974, ambako jina haini lilikuwa limekwisha kutamkwa kabla ya shahidi wa kwanza kusimama.

4. Orodha na jina

Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar mwaka 1963, na akaitoa tena mwaka 1969 ikiwa imesahihishwa na kupewa jina la Juliasi Kaizari. Yafaa tujihadhari hapa. Toleo la kwanza lilitangulia Mapinduzi ya Zanzibar, na lilitangulia kifo cha Karume kwa miaka tisa. Hatuna haki ya kuisoma tafsiri hiyo kama kauli juu ya mambo ambayo hayajatokea. Tulicho nacho ni matini iliyokuwamo tayari katika Kiswahili, na ambayo msomaji wa 1972 angeweza kuifungua.

Angekuta nini? Angekuta njama ambayo mauaji yake yanafaulu na mapinduzi yake yanashindwa. Angekuta pia kwamba katika tamthilia nzima hakuna mahakama. Mahali pake pamechukuliwa na mambo matatu. La kwanza ni jukwaa la mazishi, ambapo Antonio anawarudia wauaji kwa sifa ile ile ya uungwana mpaka sifa inageuka kuwa shitaka. Anapomaliza kusema, neno limebaki lile lile na maana yake imepinduka. La pili ni meza ya watawala watatu wapya, wanaoketi na kutia alama kwenye majina ya watakaokufa. Lepido anaridhia kifo cha nduguye, na Antonio anamtoa mpwa wake. Hakuna anayeuliza ushahidi. Orodha yenyewe ndiyo hukumu.

La tatu ndilo zito zaidi kwa makala haya. Mshairi aitwaye Cinna anakutana njiani na umati uliopandwa na hasira. Jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi, si yule mwingine. Umati unamwelewa vizuri, na unamuua vivyo hivyo, kwa kuwa jina linatosha, na likipungua, mashairi yake mabaya yatajazia.

Onyesho hili ni fupi mno, na waongozaji wa tamthilia mara nyingine huliacha. Sisi tunaliona kuwa kitovu cha suala la uhaini. Kuna Cinna wawili. Mmoja alishika jambia, na mwingine alishika kalamu. Kazi yote ya mahakama, tukiipunguza hadi kwenye mfupa wake, ni kuwatenganisha hawa wawili. Kwa hiyo mahakama isiyosikiliza upande wa pili haitofautiani na umati ule kwa jambo la msingi. Tofauti iliyobaki ni ya adabu na mavazi. Katika kesi ya Zanzibar, uanachama wa zamani wa Umma Party ulielekea kufanya kazi ya jina la Cinna: ulikuwa unaeleza mtu alivyokuwa, ukapokewa kana kwamba unaeleza alichotenda.

Na Nyerere je? Mwaka 1969, mwaka ule ule wa Juliasi Kaizari, Abdallah Kassim Hanga, aliyekuwa Makamu wa Rais katika serikali ya kwanza ya Mapinduzi, alipelekwa Unguja kutoka bara kwa tuhuma za kula njama, pamoja na Othman Shariff. Wote wawili waliuawa. Mwaka 1972 ilipokuja orodha nyingine, Nyerere hakumtoa Babu. Lakini pia hakumpeleka mbele ya mahakama yenye mawakili. Alimwokoa na kitanzi, akamweka korokoroni miaka sita. Mfasiri wa Cinna alimtoa mshairi mikononi mwa umati, kisha akamfungia mlango.

5. Haini: jina linalorudishwa kwa wenyewe

Adam Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya tukio la 1972. Riwaya zake mbili za mwanzo, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), zilitoka miaka michache baada ya hapo, na zote mbili zinaongelea dhuluma za kabla ya Mapinduzi. Haini ilichapishwa mwaka 2003, miaka 31 baada ya risasi za Kisiwandui. Kimya hicho kirefu ni sehemu ya maana ya kitabu, kwani utetezi ambao haukupata nafasi katika mahakama ulingoja umri wa mtu mzima kabla ya kupata nafasi katika fasihi.

Riwaya inamweka Hamza katikati ya mambo: mtu aliyetiwa korokoroni kwa kuhusishwa na kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Nguvu yake ya kwanza imo katika jina la kitabu. Sheria iliposhitaki, ilishitaki kwa wingi, watu makumi katika faili moja. Riwaya inasema haini, kwa umoja, na kumlazimisha msomaji amtazame mtu mmoja usoni. Aidha, jina hilo halina alama ya kuuliza. Limechapwa juani kama tamko la hukumu, na ni usomaji pekee unaoligeuza kuwa swali.

Neno lenyewe linaruhusu mgeuko huo. Haini na hiana ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku haini ni mtu aliyeaminiwa akaivunja amana. Sheria imeliazima neno hili na kulifinya: amana imekuwa utii kwa dola, na mvunjaji ni raia peke yake. Mtunzi analirejesha kwenye upana wake wa awali. Ikiwa uhaini ni kuvunja amana, basi anayeshikilia miili ya watu korokoroni naye ana amana aliyokabidhiwa, na yumkini ameivunja. Shitaka linamrudia mshitaki. Ni mbinu ya Antonio mazishini, ila safari hii haisemwi mbele ya umati bali mbele ya msomaji aliyeketi peke yake, ambaye hana jiwe mkononi.

6. Pingamizi

Hapa ndipo tunapotofautiana na uhakiki uliozoeleka. Tasnifu za wanafunzi wetu hupenda kuhitimisha kwamba Haini "inafichua ukweli" wa 1972. Kauli hiyo inaipa riwaya mzigo usiokuwa wake. Haini ni kauli ya upande mmoja, kama vile kesi ilivyokuwa kauli ya upande mmoja. Tukiisoma kama hukumu mpya ya kuwaachilia huru washitakiwa wote, tutakuwa tumemwondoa jaji mmoja asiyesikiliza na kumweka mwingine. Hamza ni mtu wa kubuni. Kutokuwa na hatia kwake kumo mikononi mwa mtunzi, na hakuthibitishi lolote juu ya Babu wala juu ya yeyote aliyesimama kizimbani.

Tena tusisahau kwamba mtu aliuawa. Cinna wa pili, yule wa jambia, alikuwapo kweli. Wapo Wazanzibari ambao kwao Karume ni mwasisi, na wapo ambao kwao ni mtawala aliyewaulia ndugu zao. Wote wawili wana haki ya kujua nani alipanga kifo chake. Kesi ya 1973 iliwanyima wote jibu hilo. Hukumu isiyojaribiwa na utetezi haimdhulumu mshitakiwa tu. Inamdhulumu na marehemu pia, kwa kuwa inaiacha damu yake chini ya maelezo yasiyoaminika.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha yetu inalo neno moja kwa tendo linaloanzisha dola na kwa kosa la kutaka kuiangusha, na kwamba mahakama ndiyo iliyopewa kazi ya kutenganisha mtu na jina analobandikwa. Mahakama inaposhindwa, fasihi haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Haina mashahidi wa kuhoji, na haina uwezo wa kumfungulia mtu mlango. Inaweza tu kutusimamisha njiani, penye mshairi anayejieleza, na kututaka tusikilize mpaka mwisho wa sentensi yake.

Babu alifariki London Agosti 1996, na akazikwa Zanzibar, nchi ambayo mahakama yake ilikuwa imemhukumu kifo miaka 22 nyuma. Alirudi bila ya kuwa amewahi kujibu shitaka lile mbele ya jaji. Mhakiki wa Haini hawezi kumjibia. Anaweza kukataa kulitumia neno haini kana kwamba limekwisha kuthibitishwa, na anaweza kukataa vile vile kulifuta kana kwamba limekwisha kukanushwa.