Kuvaa na Kuvaliwa: Uhakiki wa Filamu ya Spider-Man 3

Filamu ya tatu ya Spider-Man, iliyoongozwa na Sam Raimi na kutolewa mwaka 2007, imekwisha kuhukumiwa mara nyingi, na hukumu yenyewe ni ile ile: maadui wamezidi. Filamu ya mwaka 2002 ilikuwa na adui mmoja, ya mwaka 2004 ikawa na mmoja, nayo hii ya tatu ikaleta watatu kwa mpigo, hata chungu kikafurika. Hatukatai kwamba kilifurika. Lakini kuhesabu wahusika ni kazi ya karani wa bohari. Mhakiki hana budi kuuliza wahusika hao wamewekwa wafanye nini, na hapo ndipo tuonapo kwamba kosa la filamu hii, na uzuri wake pia, viko mahali pengine kabisa. Viko katika vazi.

Kwa ajili ya wenzetu ambao hawajaiona, tueleze kisa kwa ufupi. Peter Parker ni kijana wa New York, mwanafunzi asiye na mali, apigaye picha za gazeti ili apate kodi ya chumba. Mhusika huyu alibuniwa mwaka 1962 na Stan Lee na mchoraji Steve Ditko katika vitabu vya michoro vya Marekani. Aliumwa na buibui, akapata nguvu za buibui. Alipokuwa bado anajivunia nguvu hizo alimwacha mwizi apite, na usiku huo huo Ben, mzee aliyemlea, akauawa. Tangu hapo Peter hutenda wema kama mtu alipaye deni. (Tuseme neno moja kuhusu tafsiri. Wanafunzi wetu humwita Ben “mjomba”, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja tu kwa wote. Katika vitabu vya asili Ben ni ndugu wa baba yake Peter, tena mkubwa; basi ni ami, ama baba mkubwa. Mjomba ni wa upande wa mama, na mwalimu asikubali haki hiyo ipotee.)

Filamu inapoanza, deni limekwisha kusahauliwa. Mji unamshangilia shujaa, naye amelewa sifa. Mary Jane, msichana ampendaye, anaondolewa katika mchezo wa kuigiza wa Broadway baada ya wahakiki kumshutumu. Anapomweleza Peter uchungu wake, Peter anamjibu kwa kujitolea mfano yeye mwenyewe. Kisha, mbele ya umati, anamruhusu Gwen Stacy, msichana aliyemwokoa asianguke kutoka ghorofani, ambusu kwa namna ile ile aliyobusiwa na Mary Jane katika filamu ya kwanza. Twaomba msomaji auzingatie mpangilio huu, maana baadaye utatufaa: hadi hapa, lile vazi jeusi bado halijamgusa.

Sasa tuwatazame hao maadui. Flint Marko ni mfungwa aliyetoroka, mwenye binti mgonjwa. Anaanguka katika shimo la majaribio ya wanasayansi, mwili wake unachanganyika na mchanga, akawa mtu wa mchanga. Harry Osborn ni rafiki wa Peter, ila aamini kwamba Peter ndiye aliyemwua baba yake. Eddie Brock ni mpiga picha mwenzake, amejaa majivuno, na asipopewa anachokitaka huona kwamba amedhulumiwa. Ukiwatazama kwa makini hawa hawakukusanywa ovyo. Marko amebeba hatia. Harry amebeba kisasi. Brock amebeba kiburi. Na hayo yote matatu yamo ndani ya Peter. Yeye naye ana hatia juu ya kifo cha Ben. Kiburi tumekwisha kukiona. Na anapoambiwa na polisi kwamba muuaji halisi wa Ben alikuwa Marko, kisasi nacho kinaingia.

Namna hii ya kumgawa mtu mmoja katika watu kadhaa si ngeni kwetu. Aliyesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert anakumbuka kwamba ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na kabla hawajatenda lolote majina yao yamekwisha kusema. Wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma. Shaaban Robert hakuona haya kuiweka tabia nje ya mtu ili tuione vizuri. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu Raimi kwa kufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Adili ni mwema tangu mwanzo hadi mwisho, na uovu uko kwa nduguze. Lakini Raimi anataka uovu uwe ndani ya shujaa mwenyewe. Kazi hiyo ni ngumu zaidi, nayo ndiyo iliyomletea vazi.

Kitu cheusi, cha kunata kama lami, kinaanguka kutoka angani pamoja na kimondo, kinajibanza kwenye pikipiki ya Peter, na kumfuata hadi chumbani. Usiku mmoja, akiwa amesinzia akimngojea Marko, kitu hicho kinamtambaa na kumfunika. Anaamka akiwa ananing'inia kichwa chini mbele ya jengo refu, akijitazama katika kioo cha dirisha, na vazi lake jekundu limekuwa jeusi. Hapo Kiswahili kinatuuliza swali ambalo filamu inalikwepa. Tusemeje? Je, Peter amelivaa vazi, au vazi limemvaa Peter? Kitenzi hiki chetu chakubali yote mawili, maana kumvaa mtu ni kumrukia na kumshambulia. Wa kwanza ametenda. Wa pili ametendwa, na aliyetendwa hana lawama.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki filamu za namna hii zimetazamwa katika vibanda vya video, ambamo mfasiri hushika kipaza sauti na kusimulia juu ya sauti za wachezaji. Mfasiri huyo hana nafasi ya kukwepa. Akisema kijana “amepandwa” na kitu hicho, hadhira nzima itaelewa pepo, na itamwonea huruma. Akisema “amejivika”, hadhira itamtazama kwa jicho jingine. Jambo hili si dogo kwa mwalimu, kwani wanafunzi wetu wakiulizwa sababu za kuanguka kwa mhusika fulani huwa wepesi kujibu kwamba shetani alimpitia, ama pombe ilimtuma, na tukiwapa alama kwa jibu hilo tumewafundisha zaidi ya fasihi.

Raimi mwenyewe anayajua yote mawili. Dakta Connors, mwalimu wa Peter chuoni, anakipima kitu hicho na kumwonya kwamba huongeza tabia za yule akichukuaye, hasa ukali. Yaani hakileti kitu kipya; kinakoleza kilichopo. Peter anapigana na Marko chini ya ardhi, katika njia za treni, anamfungulia maji hadi anakuwa tope, na kuamini kwamba amemwua. Anapompelekea habari hiyo May, mjane wa Ben, akitazamia shukrani, mama huyu anashtuka na kumwambia kwamba kisasi ni kama sumu. Peter analivua vazi, analifungia sandukuni. Na hapa ndipo penye kitovu cha filamu nzima: Mary Jane anapomwacha, kwa kuwa Harry amemlazimisha, Peter analifungua sanduku kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii hakusinzia. Alijua ni nini, alikwisha kuonywa, akalivaa.

Yanayofuata yamechekwa sana na watazamaji. Peter anateremsha nywele usoni, anatembea barabarani kwa maringo akiwakonyeza wanawake, kisha anakwenda kucheza dansi katika klabu ya muziki wa jazi ili kumwumiza Mary Jane, aliyeajiriwa humo. Wengi wameyaita haya upuuzi. Sisi twayatetea. Kijana huyu hajui uovu wa watu wazima; anajua tu jinsi anavyoudhania, na anaudhania kama suti mpya na hatua za madaha. Wanawake barabarani wanamkodolea macho kwa mshangao, naye adhani wamependezwa. Hicho ni kichekesho kilichofikiriwa, na ladha yake yageuka ghafla pale anapopigana na walinzi wa klabu, Mary Jane anaingilia kati, na mkono wake unamwangusha msichana huyo sakafuni. Muziki umekatika. Hakuna adui aliyefanya hivyo.

Basi Peter anakimbilia mnara wa kanisa. Mlio wa kengele unakidhoofisha kitu kile, naye anajichuna vazi kwa uchungu hadi lidondoke. Twakiri kwamba picha hii ina nguvu. Ila ni picha ya kupunga pepo, na pepo akitoka mgonjwa hana deni tena. Hapa filamu inarudi nyuma ya yale iliyokwisha kuyasema penye sanduku. Lawama inadondoka pamoja na vazi, na chini yake yuko nani? Yuko Eddie Brock.

Tukumbuke jinsi alivyofika pale. Brock alikuwa ameghushi picha ya Spider-Man akiiba. Peter, akiwa katika weusi wake, alimfichua na kumharibia kazi hadharani. Brock akamsihi, kwani hakuna gazeti litakalomwajiri tena, na Peter akamjibu kwa dharau kwamba akitaka msamaha atafute dini. Mtu yule akafanya hivyo hasa: akaenda kanisani, akapiga magoti, akamwomba Mungu amwue Peter Parker. Kejeli hii ni kali, na ni ya mtunzi anayejua kazi yake. Vazi linamwangukia Brock, naye anakuwa Venom. Mwishoni, katika mapambano, Peter anamsihi alivue, akimwambia kwamba anaujua utamu wa nguvu zile. Brock anajibu kwamba apenda kuwa mbaya, na hilo lamfurahisha.

Vazi ni moja, watu wawili, na filamu imewagawia vitenzi viwili. Kwa Peter vazi lilimvaa. Kwa Brock, yeye ndiye aliyelivaa. Peter anaokoka, Brock anaangamia katika mlipuko, na hakuna amliliaye. Yule kijana aliyemdhihaki na kumnyima msamaha hatamki neno la kujuta juu yake. Hili twaliona kuwa doa kubwa kuliko wingi wa maadui. Sababu yake, yumkini, ni ya kibiashara. Raimi alikuwa mpenzi wa michoro ya zamani, ambamo mtu wa mchanga alionekana tangu 1963. Venom ni wa 1988, na ni mtayarishaji Avi Arad aliyemshawishi Raimi amtie kwa kuwa vijana walimpenda. Filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 250 haina uhuru wa kuwakatalia vijana. Ilivuna karibu milioni 900. Lakini Brock akabaki kama mgeni aliyeketishwa mlangoni.

Juu ya Harry hatuna mengi. Kupoteza kumbukumbu kwa pigo la kichwa, na kuzirudisha wakati mtunzi anapozihitaji, ni hila iliyochakaa. Mtumishi wa nyumbani anayejua miaka yote jinsi baba yake Harry alivyokufa, na asiseme hadi dakika za mwisho, ni hila mbaya zaidi.

Lakini Marko! Pale shimoni, baada ya majaribio, kuna rundo la mchanga tu. Chembe zinaanza kuviringika, zinajikusanya, bega linainuka na kuporomoka. Uso unajitokeza, haujakamilika. Anaona kidani chenye picha ya binti yake, anaunyosha mkono, na vidole vinamomonyoka kwa kukigusa. Hakuna neno linalosemwa, kuna muziki wa Christopher Young tu. Mtu anajaribu kujishika awe mtu tena, na kinachomshikanisha ni mapenzi kwa mtoto. Katika filamu zote tatu hatukuona mahali ambapo ufundi wa mashine umetumikia hisia kwa kiasi hiki. Tungemshauri mwalimu awaonyeshe wanafunzi sehemu hii bila sauti, kisha wasimulie kwa Kiswahili walichokiona. Watatafuta vitenzi kwa jasho.

Na ni Marko anayekataa kuvaliwa. Mwishoni anamkabili Peter na kueleza jinsi Ben alivyokufa: alihitaji fedha za matibabu ya mtoto, alimtaka mzee gari, mwenzake akamshtua, risasi ikatoka. Hasemi kwamba si yeye. Anasema hakukusudia, na kwamba hajaacha kuona alichokitenda. Haombi msamaha, aomba aeleweke. Peter anajibu kwamba naye ametenda mambo mabaya, kisha anamsamehe. Sentensi hiyo moja ya Peter ndiyo iliyokosekana kule mnarani, kwa kuwa ina nafsi na ina kitenzi cha kutenda. Marko anageuka vumbi na kupeperuka juu ya mji.

Baada ya mazishi ya Harry, Peter anarudi katika klabu ile ile ya jazi. Mary Jane anaimba. Anamwona, anaacha kuimba. Peter ananyosha mkono, ule uliomwangusha, na anautazama kwanza kabla ya kuushika. Wanacheza polepole, bila neno, wala nyuso zao hazina furaha.