"Führer" na "Kiongozi": Tatizo la Jina Moja la Kijerumani katika Tafsiri

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokutana na jina la Kijerumani Führer, wengi huliandika "kiongozi" bila kusita, na mradi sentensi inasomeka, huendelea na kazi. Wengine, waliokwisha kusikia kwamba neno hili huwakera Wajerumani, huliacha lilivyo kila mahali, hata pale linapomhusu mtu anayewapandisha wageni mlimani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinakosea, na kwamba kosa lao ni moja: zinaitafuta hatari ya neno katika shina lake, ilhali hatari hiyo imo katika namna neno linavyosimama ndani ya sentensi.

Tuanze na umbo. Führer ni jina la jinsia ya kiume, na wingi wake haupambanuki na umoja ila kwa kibainishi kinachotangulia: der Führer, die Führer. Limeundwa kwa kitenzi führen pamoja na kiambishi -er cha mtendaji. Kitenzi hicho, kwa asili yake, ni kauli ya kutendesha ya fahren, yaani kwenda au kusafiri. Führen basi ni kumfanya mtu aende. Msomaji wa Kiswahili atauona udugu mara moja, kwa kuwa kiongozi nalo hutokana na ongoza, kauli ya kutendesha katika jamaa ya ongoa na ongoka. Lakini udugu huu wa umbo unapumbaza. Kitenzi cha Kijerumani kinataja mwendo tu, wala hakisemi mwendo huo unaelekea wapi. Chetu kinataja unyofu. Aliyeongoka ameshika njia iliyo sawa. Uongofu na mwongofu ni maneno ya dini kabla ya kuwa maneno ya siasa, na ladha yake haijakwisha kabisa katika kiongozi, hata kama msemaji wa kila siku haikusudii. Kwa hiyo anayemwita Adolf Hitler "Kiongozi", pasi na alama yoyote ya tahadhari, anamtunuku kwa hisani ya lugha yetu sifa ambayo shina la Kijerumani halikumpa.

Wanaodhani kwamba shina lenyewe limeoza na wayatazame matumizi. Nchini Ujerumani leseni ya udereva huitwa Führerschein; Waswisi huiita Führerausweis. Dereva wa garimoshi ni Lokführer, mwongozaji wa wapanda milima ni Bergführer, meneja wa kampuni ni Geschäftsführer, na mkuu wa upinzani bungeni ni Oppositionsführer. Reiseführer huweza kuwa mtu anayewatembeza watalii au kitabu chao cha mfukoni. Maneno haya hutamkwa kila siku na hayamshtui mtu. Lakini ondoa sehemu ya kwanza, ubakize Führer pweke, utangulize der, na msikilizaji atamfikiria mtu mmoja tu. Ndiyo maana katika ofisi na viwanda Wajerumani hupenda kusema Leiter, Chef, au Führungskraft. Hili la mwisho linastahili kuangaliwa vizuri: shina limebaki, kilichokimbiwa ni kile kiambishi cha mtendaji.

Leiter linatupa ushahidi ulio mzito zaidi. (Tusilichanganye na die Leiter, lenye jinsia ya kike, ambalo ni ngazi ya kupandia, mitihani yetu imekwisha kuona viongozi wengi walioegemezwa ukutani.) Chama cha Hitler kililitumia mno: walikuwapo Gauleiter wa mkoa, Kreisleiter wa wilaya, hata Blockleiter wa nyumba chache za mtaa. Kama uchafu wa neno ungetokana na kutumiwa na watu waovu tu, Leiter nalo lingekuwa mwiko. Sivyo ilivyo. Mwalimu mkuu wa shule huitwa Schulleiter hadi leo, wala hakuna anayelalamika. Lililochafuka ni Gauleiter zima. Tofauti ni kwamba Leiter halikupata kuwa cheo cha mtu mmoja, ilhali Führer lilipata.

Lilipata hatua kwa hatua. Mnamo Januari 1919 Max Weber, katika mhadhara wake wa München juu ya siasa kama kazi ya wito, alilitumia Führer kwa wingi na kwa umoja, akimaanisha aina ya mwanasiasa. Baada ya Hitler kushika uenyekiti wa chama chake mwaka 1921, wafuasi wake walizoea kulitumia kwake. Sheria ya tarehe 1 Agosti 1934 iliunganisha urais na ukansela. Kesho yake Hindenburg alifariki, na siku hiyo hiyo askari waliapishwa kumtii Hitler kwa jina lake, akiitwa Führer wa dola na taifa. Wengine wote wenye vyeo vya -führer walikuwa na viambatisho vyao, kama Sturmbannführer. Mmoja tu hakuhitaji kiambatisho.

Kwa sababu hii hatukubaliani kikamilifu na Sternberger, Storz na Süskind, ambao baada ya vita walikusanya maneno waliyoyaona kuwa ya mtu asiye na utu, wakayatoa kitabuni mwaka 1957. Peter von Polenz na wanaisimu wenziwe waliwajibu katika miaka ya 1960 kwamba mfumo wa lugha usichanganywe na matumizi yake. Jibu hilo ni zuri, ila linaishia njiani: katika Führer, matumizi yamekwisha kujipenyeza katika sarufi, kwani neno pweke lenye der haliwezi tena kufanya kazi ya kawaida bila kuelezwa.

Sasa Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo. "Yule kiongozi" haitoshi, maana yule hurejelea aliyekwisha kutajwa, na der Führer hakuhitaji kutajwa kwanza. Kweli tunao mtindo wa kumfanya mtu mmoja mwenye jina la wote: Mtanzania akisema "Mwalimu" hueleweka kuwa ni Nyerere, na Mkenya akisema "Mzee" aliweza kueleweka kuwa ni Kenyatta. Lakini mtindo huo ni wa heshima, na walimu na wazee wengine hawakunyang'anywa jina lao. Tukimpa Hitler nafasi hiyo, msomaji kijana ataingia katika habari za 1934 kwa mlango wa mapenzi.

Basi kwa Weber tuandike "kiongozi" na "viongozi" bila wasiwasi. Kwa hati za utawala wa Hitler tuache Führer, kwa tahajia yake ya Kijerumani, bila kulifanyia umbo la wingi. Mein Führer, ambalo maofisa walimwambia yeye badala ya Herr waliyotumia kwa majenerali, liachwe vilevile. "Mtukufu Kiongozi", ambalo tumelisahihisha katika daftari zaidi ya moja, limeazimwa kutoka katika taarifa zetu za habari za zamani, si kutoka katika Kijerumani. Na mtunga kamusi aweke vidahizo viwili: kimoja cha -führer katika maneno ambatani, chenye "dereva", "mwongozaji" na "meneja" kila kimoja mahali pake, na cha pili cha der Führer, chenye mwaka 1945 kama mwisho wa matumizi yake rasmi.