Kodi ya Mwaka kutoka kwa Mtu Usiyemjua

Video mmeiona wote, kwa hiyo sitaisimulia. Baba mwenye nyumba wa Tabata uani, fundi juu ya kenchi, bati zinashuka na mpangaji anarekodi kutoka sebuleni. Mabishano yote yamekuwa ya bati: ana haki, hana haki. Hana. Mpangaji hatolewi kwa kuezuliwa. Anapewa notisi kwa maandishi. Akigoma, unakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu na haliamui. Usuluhishi ukishindikana ndipo unafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Safari ni ndefu na inachosha, lakini njia ndiyo hiyo.

Mimi nawarudisha nyuma miezi kumi na sita, kwenye jioni ambayo mzee alipokea shilingi 1,800,000 taslimu na kutoa funguo usiku uleule. Nyumba aliipoteza hapo. Yule fundi alikuja kumalizia tu.

Tuitazame jioni ile polepole, kwa maelezo ya mzee mwenyewe na ya majirani. Chumba na sebule, choo ndani, 150,000 kwa mwezi. Masharti yake siku zote yalikuwa miezi mitatu mitatu. Dalali analeta kijana nadhifu, mwenye haraka, ambaye hata bei habishani. Anasema miezi mitatu ya nini, yeye analipa mwaka. Mzee ana nyumba ya pili Chanika, imesimama kwenye lenta tangu mvua zilizopita. Mnaona pesa ilivyokuwa imeshaondoka kabla hajaipokea?

Hakuuliza kijana ametoka nyumba gani. Hakuomba namba ya mwenye nyumba wake wa zamani. Hakudai barua ya serikali ya mtaa alikotoka. Kitambulisho cha NIDA alikipiga picha, sawa, lakini NIDA inakwambia mtu anaitwa nani. Haikwambii aliagana vipi na mwenye nyumba wa mwisho. Shughuli pekee ya uchunguzi iliyofanyika jioni ile ilikuwa kuhesabu noti, na hiyo alirudia mara mbili.

Watetezi wake wananiambia anayelipa mwaka amejionyesha kuwa ana uwezo. Amejionyesha kuwa siku ile alikuwa na pesa. Labda ameuza kiwanja, labda zamu yake ya mchezo imefika, labda ni mkopo ambao marejesho yake yanaanza mwezi ujao. Mwezi wa kumi na tatu haumo katika bahasha hiyo. Anayelipa kila miezi mitatu unamwona akitoa pesa mara nne kwa mwaka. Mara ya kwanza katoa siku yenyewe, ya pili kachelewa siku mbili lakini kapiga simu, ya tatu kachelewa wiki na simu kazima. Hapo unamjua mtu wako mapema, deni likiwa bado dogo. Mzee aliziuza nafasi zote nne kwa bahasha moja. Na jiulizeni ni mpangaji yupi mwenye sababu kubwa ya kuweka mwaka mzima mezani ili asiulizwe maswali.

Hilo bado ni nusu ya kosa. Nusu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, maana haizungumzwi kabisa. Pesa ya mbele humfunga anayeipokea. Mwezi wa pili kijana aliingiza majokofu matatu akaanza biashara ya barafu na samaki. Nyumba ina familia nne na LUKU moja, umeme unachangwa kwa kichwa. Wenzake wakalalamika, kwa haki. Mzee angefanya nini? Kumtoa ni kumrudishia kodi ya miezi kumi, yaani 1,500,000, na 1,500,000 ilikuwa imeshapigiliwa misumari Chanika. Akabaki kubembeleza. Kijana akajibu, kwa adabu kabisa, kwamba yeye kodi yake ameshalipa.

Wakaondoka wale wengine mmoja mmoja, akiwemo mama muuguzi aliyekuwepo tangu nyumba inapakwa rangi ya kwanza na ambaye hakuwahi kudaiwa. Vyumba vitatu, laki moja kila kimoja. Wapangaji wapya walikuja, wakasikia majokofu yakinguruma, wakauliza mita ziko ngapi, wakaaga. Laki tatu kwa mwezi zikapotea, na ndani ya miezi sita ule mwaka wote wa kijana ulikuwa umeliwa. Kisha mwezi wa kumi na tatu ukafika, kodi haikufika, na mengine mmeyaona kwenye simu zenu.

Mzee nimpe haki yake: mkataba aliandika, risiti alitoa, na bomba likivuja fundi alifika siku hiyohiyo.

Wasomaji wa zamani wa safu hii mnajua nitakachosema kuhusu mita moja, na nitakisema tena. Ukipangisha familia nne kwenye LUKU moja umeweka ugomvi ndani ya ukuta. Ile tarifu ya matumizi madogo, ya uniti 75 kwa mwezi, ipo kwa ajili ya kaya ndogo, lakini mita inaihesabu nyumba nzima kama mteja mmoja, kwa hiyo mwenye taa mbili na redio analipia bei aliyoisababisha mwenye jokofu. Ongezeni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwanza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Inalipwa na anayenunua umeme. Baba wenye nyumba wangapi mnaipunguza kwenye pango? Basi angalau wekeni submita.

Na dalali. Huyu analipwa kodi ya mwezi mmoja, na anayemlipa ni mpangaji, ufunguo ukishageuka. Kijana akikaa miaka kumi au akivuruga nyumba kwa wiki tatu, dalali hapotezi hata nauli. Kumtumia akuletee mtu ni sawa. Kumwuliza dalali kama mtu huyo ni mzuri ni kumwuliza muuza samaki kama samaki wake wameoza.

Wakongwe wa kazi hii walikuwa wale kina mama wenye nyumba wa Kariakoo na Magomeni, enzi za nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, na bi mkubwa mwenyewe chumba cha mbele. Mpangaji aliletwa na mpangaji. Mtu alimleta mdogo wake au mtu wa kijijini kwao, na akimleta mhuni aibu ilikuwa yake, kwa hiyo alichuja kabla bi mkubwa hajachuja. Mjumbe wa nyumba kumi alimjua mgeni kabla hajatandika kitanda. Kodi ilikuwa ya mwezi, ilitolewa mkononi pale barazani, na bi mkubwa alimsoma mtu usoni wakati anatoa. Majokofu matatu yasingepita ukumbi ule.

Mtaniambia dunia imebadilika, mwenye nyumba anaishi Goba na nyumba iko Tabata. Kweli. Tena sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005 na soko likajiendea, hadi miezi sita ya mbele ikaonekana desturi ya mababu. Lakini kazi ya bi mkubwa haijawa ngumu, imekuwa rahisi. Kodi ya mwezi ikitumwa kwa simu inaacha tarehe na saa, kumbukumbu ambayo yeye hakuwa nayo. Miezi mitatu ya kwanza, halafu mwezi kwa mwezi, na biashara ndani ya chumba iandikwe kwenye mkataba kwamba ni marufuku bila kibali. Namba ya mwenye nyumba wa zamani ipigwe mbele ya mpangaji mwenyewe, na msalimiane wote watatu. Asiyetaka simu hiyo ipigwe, mwache aende na mwaka wake.