Mkono wa Pleya Hupimwa Mwisho wa Santuri

Ukienda Kariakoo kununua pleya ya santuri iliyotumika, muuzaji atakuwekea wimbo, utasikiliza dakika moja, utaridhika na kulipa. Dakika hiyo haijakuambia kitu. Sindano ilikuwa bado ukingoni mwa santuri, mahali ambapo hata mkono uliofungwa ovyo husikika vizuri. Kazi ya fundi hujulikana sindano inapokaribia lebo.

Sababu yake ni ya hesabu. Santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika hupitisha mfuo chini ya sindano kwa karibu sentimita 40 kwa sekunde pale ukingoni. Karibu na lebo, mwendo huo hushuka hadi kama sentimita 25. Sauti ileile inabanwa katika nafasi ndogo zaidi, na kosa dogo la pembe ambalo mwanzoni halikusikika sasa linakwaruza.

Kwa muziki wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Nyimbo za bendi za NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilifika majumbani kwa wingi kwenye santuri hizo ndogo, nyingi zikiwa zimetengenezewa Nairobi. Wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na chemko, pale gitaa la solo linapoachiwa nafasi, mara nyingi lilikaa mwishoni. Yaani utamu wenyewe uko kwenye mifuo migumu kuliko yote kwa sindano. Basi fundi anayekufungia mkono apime kwa ajili ya hapo.

Egemeo na sindano

Kabla ya kipimo chochote, zima mashine na ushike mkono taratibu karibu na egemeo. Usukume mbele na nyuma, juu na chini. Ukihisi umelegea hata kidogo, bolibearingi au ncha zake zimekwisha, na hakuna marekebisho yatakayoficha hilo. Kisha sawazisha mkono uelee hewani na uupulize kidogo: uende bila kukwama popote. Sindano nayo itazamwe kwa lenzi. Iliyochakaa hukata mifuo, na za kuiga ni nyingi sokoni.

Umbali

Mkono wa asili ukivunjika na kuwekwa wa kampuni nyingine, tundu jipya lazima litobolewe. Karakana za Gerezani, Dar es Salaam, zina watu wa kukereza na kutoboa chuma, lakini usimpelekee fundi maelezo ya mdomo. Mpe mchoro wenye umbali kati ya kijiti cha katikati ya sinia na egemeo la mkono. Kwa Technics SL-1200, pleya iliyotoka 1972 na ambayo toleo lake la MK2 la 1979 lilipendwa na madisko duniani kote, umbali huo ni milimita 215. Urefu wa mkono hadi ncha ya sindano ni milimita 230, hivyo sindano huchomoza milimita 15 kupita kijiti. Kila mkono una vipimo vyake, na tofauti isizidi nusu milimita. Anayekuambia kwamba milimita tatu si neno, mwache.

Pembe

Mashine iliyochonga santuri mama ilikwenda kwa mstari ulionyooka, lakini mkono wa pleya huzunguka egemeo na kuchora tao. Kwa hiyo sindano hukaa sawasawa kabisa na mfuo mahali pawili tu. Mtaalamu Erik Löfgren alionyesha hesabu yake mwaka 1938, na Baerwald akaifuata mwaka 1941. Kwa kipimo chao kinachotumika sana, sehemu hizo mbili ziko milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri. Ni kipimo kizuri kwa santuri kubwa ya inchi 12.

Ila santuri ya inchi 7 haina mfuo kupita kama milimita 85. Sehemu ya pili haiguswi kamwe. Kama kabati lako limejaa santuri ndogo, dai kipimo kingine, kiitwacho cha Stevenson, ambacho sehemu yake ya ndani iko milimita 60.3, karibu zaidi na lebo. Fundi anayejua kazi atakuuliza unapiga santuri gani kabla hajafungua skrubu mbili za katriji, yaani kichwa kinachobeba sindano. Swali hilo peke yake ni dalili ya fundi.

Uzito

Katriji ina kiwango chake, na kimeandikwa na mtengenezaji. Audio-Technica AT-VM95E hutaka gramu 1.8 hadi 2.2, katriji za madisko huweza kutaka gramu 3 au 4. Wengi huogopa uzito, wakaweka mdogo kuliko unaotakiwa wakidhani wanaitunza santuri. Kinyume chake ndicho kweli: sindano nyepesi huruka ndani ya mfuo na kugonga kuta zake. Kaa katikati ya kiwango au juu kidogo ya katikati hiyo, na upime kwa mzani mdogo, maana namba za kwenye uzito wa nyuma hudanganya zikishachezewa.

Usimamo

Sinia liwekwe sawa kwa pima maji kwanza. Mkono uwe sambamba na santuri wakati wa kupiga. Ukiutazama kwa mbele, sindano isimame wima. Hapa santuri zetu za zamani za mono ni kipimo kizuri. Kwa muda wa majaribio tu, badilisha waya mwekundu na wa kijani nyuma ya katriji, weka amplifaya kwenye mono, kisha piga. Sauti za pande mbili zitapingana na kufutana. Kadiri wimbo unavyofifia, ndivyo sindano ilivyokaa sawa. Ukimaliza rudisha waya: nyeupe na buluu kushoto, nyekundu na kijani kulia.

Mkono uliopindwa huvutwa kuelekea katikati, na ndiyo maana pleya nyingi zina kidhibiti cha kuurudisha nje. Usikipime kwa santuri isiyo na mifuo, kwa sababu msuguano wake si uleule. Sikiliza sauti kubwa karibu na lebo: upande wa kulia ukianza kukwaruza kabla ya kushoto, kiongeze kidogo.

Mambo mawili ya mwisho. Hewa ya bahari ya Dar es Salaam hula shaba, kwa hiyo safisha viungio vya katriji mara kwa mara. Upande mmoja ukikatikakatika, anzia hapo kabla ya kulaumu sindano. Na ukibahatika kupata santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, kama zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia 1928, usiiguse kwa sindano ya kawaida. Mifuo yake ni mipana zaidi na inataka sindano yake.

Unapokwenda kuchukua pleya yako, beba santuri ndogo unayoijua vizuri, yenye kwaya au tarumbeta mwishoni. Mwombe fundi aipige upande wa pili, na usimame hapo hadi sindano ifike kwenye lebo. Sauti ikibaki safi, mlipe bila kupunguza hata senti. Ikikwaruza, kazi haijaisha.