Mitsumata, Gome Linalogeuka Fedha

Kila tawi la mitsumata likirefuka hupasuka panda tatu, na kila panda nayo hupasuka tatu. Jina lake la Kijapani lina maana hiyohiyo. Ni kichaka cha kimo cha mtu, na mwezi Machi, kabla ya kuota majani, hutoa vishada vya maua ya manjano vilivyoinamisha vichwa.

Watengeneza karatasi hukingoja hadi majira ya baridi. Fito za miaka mitatu hivi hukatwa karibu na ardhi, kisha shina huachwa lichipue tena. Fito hupikwa kwa mvuke mpaka gome lilegee, livuliwe kwa mkono kama ganda la muhogo. Mti wenyewe huwekwa kando. Ganda jeusi la nje hukwanguliwa kwa kisu, ukabaki utando mweupe, nao huchemshwa kwa maji ya majivu au magadi hadi ukatike kwa vidole.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Huinama juu ya maji baridi, wakipapasa nyuzi na kuondoa madoa na vifundo, kimoja kimoja, saa baada ya saa. Hakuna anayeuona uzuri wa kazi hiyo, maana kinachobaki ni karatasi isiyo na doa.

Nyuzi zikishapondwa, hutiwa kwenye pipa la maji pamoja na ute wa mizizi ya tororo-aoi, ndugu wa bamia. Aliyewahi kupika mlenda ataelewa mara moja: ute huzuia nyuzi zisizame wala kushikana mabonge, na hupunguza kasi ya maji yanayochuja kwenye kimkeka cha mianzi, fundi akapata nafasi ya kukitikisa mbele na nyuma. Joto huuharibu ute huo, kwa hiyo mikono hustahimili baridi.

Nyuzi za mitsumata ni fupi kuliko za kozo, mmea mwingine wa karatasi za Kijapani, lakini ni laini, zina mng'ao, na hupokea chapa ya mistari myembamba mno. Ndiyo sababu Japani imezitumia kwenye noti tangu enzi za Mfalme Meiji. Siku hizi wakulima wake wamezeeka, na gome jingi hutoka kwenye milima ya Nepal.

Noti ya yeni 10,000 iliyotolewa Julai 2024 ina sura ya Shibusawa Eiichi, aliyeanzisha kampuni ya karatasi mwaka 1873. Ndani ya noti hiyo mna gome la mitsumata.