Kufuata Tone Hadi Juu

Usukani wa lori ukianza kulia kwenye kona, madereva wengi humtuma utingo akalete kopo la mafuta ya stelingi. Yanamiminwa, kelele inakoma, safari inaendelea. Fundi mzuri haridhiki na ukimya wa namna hiyo. Mafuta hayo hayaungui kama dizeli. Yanazunguka tu: kutoka tangi dogo hadi kwenye pampu, kutoka pampu hadi stelingi boksi, kisha yanarudi tangini. Yakipungua, yamepita mahali, na mahali hapo lazima papatikane.

Ninachokienzi kwa fundi huyu ni muda anaotumia kabla ya kushika spana. Kwenye gereji za kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kabla malori hayajaanza kupanda mlima wa Kitonga, utamkuta amelala chini ya kichwa cha lori, anatazama tu. Kote kumeloa. Tone linaning'inia kwenye chesisi, lakini halikuzaliwa pale: limeteremka, upepo wa safari umelisukuma nyuma, vumbi limelinywa. Kwa hiyo anaosha kila kitu, anafuta kwa tambara mpaka chuma kionekane, kisha anamwomba dereva awashe injini na kukata usukani polepole, kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, bila kuung'ang'aniza pale mwishoni, maana hapo presha hupanda na mafuta huchemka upesi. Anamulika tochi. Unyevu mpya ukijitokeza, anatafuta ukingo wake wa juu kabisa. Huko ndiko yanakoanzia.

Vidole havipapasi. Presha ya stelingi ya lori inaweza kuvuka bar 100, na uzi mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye kitundu unaweza kupenya ngozi na kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Badala yake anapitisha kipande cha kadibodi.

Mpira wa presha una nyavu za waya ndani yake, na ncha zake hubanwa kwa mashine. Kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama wengine wafanyavyo, ni kumhatarisha dereva, na fundi ninayemsifu hukataa hata akibembelezwa. Ni kweli pampu ikikosa mafuta usukani bado umeungana na magurudumu, ila mzigo wote unaangukia mikono ya dereva, na kwenye mteremko wa Kitonga mikono hiyo inaweza isitoshe. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis, aliyeonyesha usukani wake wa nguvu ya mafuta mwaka 1926, alitokea idara ya malori ya Pierce-Arrow. Uzito huo aliujua vizuri.

Mpira wa kurudishia una presha ndogo, na klipu nzuri inautosha. Hata hapo fundi haharakishi. Anaugeuza ule wa zamani mkononi ajue umeuawa na nini: umesuguana na bano, umekaribia egzosi, au ulifungwa ukiwa umejisokota? Mpya ukipitishwa njia ileile bila kurekebisha kitu, utakufa kifo kilekile.

Kuna uvujaji usiodondosha kitu. Mpira unaoingia kwenye pampu ukilegea huvuta hewa. Fundi anafungua tangi injini ikinguruma, anaangalia kina cha mafuta, kisha anazima. Kina kikipanda sana papo hapo, na povu likitanda, kuna hewa iliyonaswa. Baada ya kubana, analiinua ekseli la mbele kwa jeki na kukata usukani mara nyingi injini ikiwa imezimwa, huku utingo akiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe.

Mtihani mgumu zaidi ni lori lililokauka kila mahali. Mipira mikavu, boksi kavu, chini hakuna hata doa, na bado tangi linapungua. Wengi hapa hurudi kuongeza. Yeye anakwenda upande wa injini, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Oili imepanda kupita alama. Pampu inayozungushwa na gia za injini imechoka sili ya shafti, na mafuta ya stelingi yamekuwa yakiingia ndani ya injini.

"Kaka," anamwambia dereva, "tunashusha pampu, na oili ya injini nayo tunaimwaga yote."